Kuomba ufadhili wa Chevening kwa masomo ya uzamili

Swali: Mhitimu wa shahada ya kwanza anaombaje ufadhili wa Chevening ili akasome uzamili Uingereza?

Jibu: Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983. Hugharamia ada, nauli ya ndege na posho ya kujikimu kwa uzamili wa mwaka mmoja. Maombi hutumwa kwa intaneti, bila malipo. Anayedai pesa ili ampitishe mwombaji ni tapeli.

Kigezo kinachowatisha wengi ni saa 2,800 za kazi. Mwalimu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki huzifikisha katika wiki 70, na kazi ya kujitolea nayo huhesabiwa. Mwombaji huchagua kozi tatu, kisha huomba udahili vyuoni yeye mwenyewe.

Katika maombi hayo, insha ndizo zenye uzito. Kuandika “mimi ni kiongozi hodari” hakumsaidii mtu. Aeleze alichokifanya, kwa mfano: aliwakusanya akina nani, wakachimba kisima kipi, na leo nani anachota maji pale.

Baada ya kuhitimu, mfadhiliwa hutakiwa kurudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka miwili.