Kabla ya Msasa: Bajeti ya Kukarabati Deki ya Mbao Nyumbani

Kijitabu hiki ni cha wasemaji wa Kiswahili walionunua nyumba hapa Marekani wakakuta nyuma yake deki ya mbao iliyochakaa, imegeuka kijivu na inachoma miguu kwa vibanzi. Tumekiandika kwa sababu ya malalamiko yanayotufikia kila theluji inapoyeyuka. Wengine hulalamika kwamba fundi amechukua pesa na hajaonekana tena. Wengine rangi waliyoinunua kwa bei kubwa imebanduka kabla ya mwaka kwisha. Jambo linalotutia hofu kuliko hayo hakuna aliyekuja kulilalamikia. Tulilijua tulipoanza kuuliza maswali: familia zinapiga msasa mbao za zamani huku watoto wakicheza kando, kisha vipande vilivyong'olewa vinawekwa kwenye jiko la kuchomea nyama.

Tunafahamu kwamba karatasi yenye nembo ya serikali ikifika mlangoni, wengi huiweka juu ya friji wasiifungue. Mna sababu zenu, na baadhi yake ni za haki. Basi ijulikane mapema: kupata ushauri wetu hakuhitaji hati ya uhamiaji, hakuna faini ndani ya kurasa hizi, na hatuji kubomoa deki ya mtu. Tunataka ujue mbao zako ni za aina gani kabla hujatoa dola ya kwanza. Ukikosea hapo, hesabu yote inayofuata itakuwa ya hasara.

Deki ni ya mwaka gani?

Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwisho wa 2003, mbao nyingi za kujengea nje ya nyumba Marekani zilitiwa dawa iitwayo CCA. Dawa hiyo huchanganya kromiamu, shaba na aseniki. Ilifanya kazi yake vizuri: mchwa hawakugusa mbao hizo, na ndiyo sababu deki nyingi za zama hizo zimesimama hadi leo. Lakini aseniki ni sumu inayohusishwa na saratani, na haibaki yote ndani ya mbao. Inatoka kidogo kidogo kwa mvua na kwa kuguswa. Mtoto hutambaa juu ya mbao, kisha mkono unaingia mdomoni. Baada ya makubaliano na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, watengenezaji waliacha kuzitia dawa hiyo mbao za matumizi ya nyumbani tarehe 31 Desemba 2003. Mbao zilizokwisha kutiwa dawa ziliendelea kuuzwa dukani kwa muda baada ya hapo.

Kwa hiyo, kama deki yako ilijengwa kabla ya 2004 au muda mfupi baada yake, au hujui ilijengwa lini, ichukulie kuwa ina aseniki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usiamini rangi ya mbao. Dawa zilizochukua nafasi ya CCA nazo zina shaba na huacha ukijani ule ule, na mbao yoyote ikipigwa jua miaka kumi hugeuka kijivu. Muulize aliyekuuzia nyumba. Angalia kibali cha ujenzi kwenye ofisi ya mji. Chungulia chini ya deki kwenye ncha za mbao, maana mara nyingine kibandiko cha kiwandani bado kipo. Vikishindikana vyote, lipia kipimo cha maabara. Kipande kidogo cha mbao kinatosha. Mierezi, redwood na mbao za plastiki zilizochanganywa kwa kawaida hazina dawa hii.

Gharama ya kipimo ndiyo iwe mstari wa kwanza wa bajeti yako. Tumekutana na watu walioiruka ili kuokoa pesa kidogo, kisha wakakodi mashine ya msasa kwa siku mbili.

Usipige msasa

Tunasema wazi: mbao yenye CCA haipigwi msasa, si kwa mkono wala kwa mashine. Hakuna barakoa ya dukani inayoifanya kazi hiyo kuwa salama kwa nyumba nzima, kwa sababu vumbi likishatoka linatua kwenye nyasi, kwenye viatu, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye kitanda cha mtoto.

Usitumie mashine ya maji ya kasi. Inachana nyuzi za mbao na kuirusha sumu kwenye udongo. Usitumie bleach wala dawa kali za kung'arishia deki, hata kama kopo limechorwa familia inayocheka. Kemikali hizo zinaweza kuibadili kromiamu iliyo ndani ya mbao kuwa ya aina yenye sumu zaidi. Sabuni ya kawaida, maji na brashi laini vinatosha. Hiyo ni kazi ya jasho, lakini katika bajeti yako karibu ni bure.

Na usichome. Hapa tunasema na wale waliokulia mahali ambapo kipande cha mbao hakitupwi. Huko nyumbani mbao kuukuu ni kuni, na ni haki yake kuwa kuni. Mbao hizi hazifai. Ukizichoma, aseniki huingia kwenye moshi na kubaki kwenye majivu, na majivu hayo ni sumu kali. Zisiwe kuni za kuchomea mbuzi wa sikukuu, zisiwashie makaa, zisiingie kwenye jiko la chini la nyumba wakati wa baridi. Majivu yake yasimwagwe kwenye bustani kama mbolea. Mzee mmoja akikuambia amezichoma miaka mingi na hajaugua, mheshimu mzee, lakini usizichome.

Udongo ulio chini na pembeni ya deki ya namna hii nao hufyonza aseniki. Lengalenga, maharage na maboga yapandwe mbali. Vipande vilivyong'olewa visitengenezewe matuta ya mboga wala banda la kuku. Piga simu kwenye jalala la mji uulize wanazipokea kwa utaratibu gani na kwa ada ipi, kisha iandike ada hiyo. Usizichanganye na matawi yanayosagwa kuwa matandazo, kwa sababu zitarudi kwenye bustani ya jirani.

Kuna hatari ya pili. Kama nyumba yako ilijengwa kabla ya 1978 na veranda yake imepakwa rangi, rangi hiyo inaweza kuwa na madini ya risasi. Tangu Aprili 2010, fundi anayelipwa kuvuruga rangi ya nje ya zaidi ya futi 20 za mraba kwenye nyumba ya zama hizo lazima awe na cheti cha EPA cha kazi salama na risasi. Mwombe akuonyeshe. Sheria hiyo haimbani mwenye nyumba anayeifanya kazi mwenyewe, lakini risasi haiulizi nani ameshika msasa.

Hesabu yenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari, penseli na futi ya kupimia, utoke nje.

Pima urefu na upana wa sakafu. Deki ya futi 12 kwa 16 ni futi za mraba 192. Ongeza ngazi na vizuizi vya pembeni, ambavyo watu huvisahau na vinakula rangi kupita ukubwa wake kwa sababu kila nguzo ina pande nne. Galoni moja ya steini (stain), yaani rangi nyepesi ya kulinda mbao, hufunika kati ya futi za mraba 150 na 300 kutegemea ukavu wa mbao, na mbao kuukuu hunywa sana. Kwa deki hii, galoni tatu si nyingi.

Tunashauri steini inayofyonzwa na mbao, yenye rangi nusu wazi, na hatushauri rangi nzito inayotanda juu. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rangi nzito hupendeza siku ya kwanza. Baada ya baridi moja au mbili hupasuka na kubanduka, na kila fundi utakayemwita atakuambia dawa yake ni msasa. Utakuwa umelipa ili ulazimike kufanya jambo lile lile tulilokukataza. Steini inayofyonzwa hupauka taratibu, na mwaka ukifika unaosha na kupaka tena juu yake.

Mwaka ukifika. Ushauri uliozoeleka kwa deki zenye CCA ni kupaka steini walau kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kwa sababu ndiyo inayopunguza aseniki inayotoka kwenye mbao. Hivyo usifikirie bajeti ya kazi moja. Fikiria kiasi unachoweza kukitenga kila mwaka, kama unavyotenga pesa za matairi ya theluji.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Bei za dukani kwako zitakuwa tofauti. Andika zako badala ya hizi. Galoni tatu kwa dola 45 kila moja ni 135. Mbao nne zilizooza za kubadilishwa, kwa dola 20, ni 80. Brashi na rola ya mpini mrefu ni 40. Glavu, barakoa na turubai la plastiki la kutandika chini ni 50. Jumla ni dola 305. Ongeza asilimia 15 ya akiba, karibu dola 46, kwa sababu ukiing'oa mbao moja iliyooza mara nyingi utakuta nyingine chini yake. Unafika dola 351, kabla ya kodi ya mauzo, kipimo cha maabara na ada ya jalala.

Watu hufuta mstari wa glavu na turubai kwanza. Tumeliona hilo na linatuudhi. Ukihitaji kupunguza, acha sehemu ya vizuizi ya juu kwa mwaka ujao, au nunua steini ya daraja la kati. Mstari wa usalama ubaki.

Kabla ya kununua lolote, shuka chini ya deki na bisibisi. Dunga nguzo, na dunga ile mbao iliyofungwa ukutani kwa nyumba. Ikizama laini, acha habari ya steini: hapo unahitaji mtu wa kukagua uimara wake, kwa kuwa deki huanguka na watu mara nyingi pale ilipoungana na nyumba. Pesa za urembo zihamie huko zote.

Siku ya kupaka, mbao iwe imekauka. Baada ya kuosha, subiri walau saa 48 za jua. Nyunyiza matone ya maji: yakisimama kama shanga, mbao haijawa tayari kufyonza. Halijoto iwe juu ya nyuzi 50 za Farenhaiti, na mvua isiwe kwenye utabiri. Matambara yenye steini ya mafuta usiyarundike kwenye gereji, kwani hujipasha joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yaweke kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Ukiajiri fundi

Omba makadirio matatu ya maandishi. Kila moja litaje namna fundi atakavyoandaa mbao. Akiandika msasa au maji ya kasi kwenye deki ya kabla ya 2004, mshukuru na umsindikize.

Malipo ya awali yana mipaka katika baadhi ya majimbo. Maine na Massachusetts kwa kawaida hazimruhusu mkandarasi kudai zaidi ya theluthi moja mwanzoni kwa mikataba inayoguswa na sheria zao. California ni asilimia 10 au dola 1,000, iliyo ndogo. Jimbo lako linaweza kuwa na kanuni nyingine au kutokuwa nayo, na sisi tunakushauri usizidishe theluthi popote ulipo. Fundi anayetaka zote taslimu leo, kwa sababu yupo mtaani na ana dawa iliyobaki kwa jirani, mwache aende na dawa yake.

Aliyebisha hodi mwenyewe akakuuzia kazi ya zaidi ya dola 25 mlangoni pako, kanuni ya shirikisho inakupa hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kughairi. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi. Lazima akupe fomu ya kughairi, na kama alikuuzia kwa Kiswahili, mkataba nao uwe kwa Kiswahili. Wengi hawalijui hili. Tunajivunia kuwa tumelitamka waziwazi katika lugha yenu.

Upo pia msaada wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, uitwao Section 504, kwa wenye nyumba wa vijijini wenye kipato cha chini sana: mkopo wa hadi dola 40,000 kwa riba ya asilimia 1, na ruzuku ya hadi dola 10,000 kwa wenye umri wa miaka 62 au zaidi, kwa ajili ya kuondoa hatari za afya na usalama. Masharti ya kipato, eneo na hadhi ya ukaazi yapo; ofisi yao ya karibu itakueleza. Wapangaji: deki ni ya mwenye nyumba. Mwandikieni barua, mbaki na nakala.

Kazi ikiisha, vua viatu nje, fua nguo za kazi peke yake, na watoto wanawe mikono kila watokapo kwenye deki, leo na kila siku. Chakula kisiwekwe moja kwa moja juu ya mbao; tandika kitambaa au tumia meza.

Mtoto akimeza vumbi, majivu au steini, usimtapishe wala usimpe maziwa kwa kubahatisha. Akizimia, akipata degedege au akishindwa kupumua, piga 911. Vinginevyo piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, bure, usiku na mchana. Atakayepokea atazungumza Kiingereza. Sema "Swahili", subiri mkalimani, usikate simu.