Miche ya Mpunga Igeukapo Manjano

Mkulima, uonapo miche ya mpunga imegeuka manjano kitaluni, usitie mbolea upesi, usije ukapoteza mbolea na msimu pia. Tazama kwanza ni majani yapi. Yakitangulia yale ya chini yaliyokomaa, mche una njaa ya naitrojeni: tia samadi iliyooza vema. Lakini yakitangulia machanga ya juu, na mishipa yake ikabaki kijani, mche umekosa chuma. Hayo hutokea hasa katika kitalu kikavu chenye udongo wa chokaa. Chuma kimo, lakini hakiyeyuki. Fungulia maji yatuame kitaluni. Udongo ukikosa hewa, chuma huyeyuka, na mizizi hukipata. Usihamishe miche shambani mpaka majani mapya yachipuke kijani.