KUTAFUTA WANDUGU KATIKA INCHI ZA NG'AMBO

Masomo: Matendo ya Mitume 21:1-9 na 28:1-16; Warumi 14; Wagalatia 2:11-14



Watu wa makanisa yetu wanasafiri siku hizi. Wengine wanatumwa kuhubiri ng'ambo, kwaya inaalikwa Ulaya, wengine wanakwenda kwa masomo na Injili mkononi. Wakirudi tunawauliza: "Mlisali wapi?" Mara nyingi jibu ni lile lile: "Tulisali sisi kwa sisi, chumbani." Majuma matatu katika mji wenye kanisa kila njia, na hawakushikana mkono na Mkristo hata mmoja wa pale! Je, hiyo ni safari ya kutumwa, au ni kuhamisha chumba chetu tu?

Tuangalie namna mtume Paulo alivyosafiri. Katika sura ya 21 yeye na wenzake wametoka Mileto, wakapita Kosi na Rodo mpaka Patara, na hapo wakapata merikebu ya kwenda Foinike. Wakatia nanga Tiro kwa sababu merikebu ilipaswa kushusha shehena yake. Basi, hawakuchagua mji ule. Ni mizigo ya mfanyabiashara iliyowaweka pale. Wangeweza kukaa bandarini na kungoja. Lakini Luka anaandika kwamba waliwapata wanafunzi, na neno la Kiyunani analolitumia lina maana ya kupata kwa kutafuta. Waliuliza njia. Walipiga hodi. Wakakaa siku saba, na siku ya kuondoka watu wote, pamoja na wake na watoto, waliwasindikiza hadi nje ya mji, wakapiga magoti pwani na kuomba. Juma moja tu, na watoto wa Tiro wamekwisha kuwajua wageni hawa hata kuwasindikiza.

Tuangalie pia ni nani waliokuwa katika kundi lile. Paulo alikuwa Myahudi wa Tarso. Luka, kama tunavyofahamu katika Wakolosai 4, hakuwa wa tohara. Katika safari ya Roma alikuwapo Aristarko, mtu wa Thesalonike katika Makedonia. Watu hawa walikuwa wamekwisha kujifunza kula sahani moja kabla ya kupanda merikebu. Kundi ambalo nyumbani haliwezi kukaa na watu wa kabila lingine, tusitazame lipate ushirika kule Antwerpen au Lyon.

Sasa sura ya 28. Merikebu imevunjika, watu 276 wametupwa kisiwani Melita, mvua inanyesha, baridi ni kali. Wenyeji wanawasha moto na kuwapokea wote. Luka anawaita watu wale kwa neno la Kiyunani "barbaroi", maana yake watu wasiosema Kiyunani. Hawakuwa bado Wakristo. Tusichanganye mambo haya mawili: fadhili ya mtu mwema tunaweza kuipata popote, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Ushirika katika Kristo ni jambo jingine. Huo waliupata baada ya miezi mitatu, walipofika Puteoli, bandari iliyo karibu na Napoli ya leo. Pale waliwakuta wandugu, na wandugu wale wakawasihi wakae nao siku saba. Paulo alikuwa mfungwa, chini ya ulinzi wa askari! Hawakuona haya kumkaribisha mtu mwenye minyororo.

Habari zikafika Roma mbele yao. Wandugu wa Roma wakatoka kuwalaki, wengine hadi Soko la Apio, kilometa 60 na zaidi, wengine hadi Mikahawa Mitatu, karibu kilometa 50. Wengi wao walikuwa hawajapata kumwona Paulo kwa macho. Alipowaona, alimshukuru Mungu na moyo wake ukapata nguvu. Mtume mwenyewe, aliyeona maono mengi, alihitaji kuona nyuso za watu.

Lakini ushirika huu unajaribiwa mezani, wala si katika nyimbo. Petro alikula nyumbani mwa Kornelio huko Kaisaria, kisha kule Antiokia, walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, alijitenga na meza ya mataifa. Paulo alimkemea mbele ya wote. Na sisi je? Wengi wetu hatuli nguruwe, hatunywi pombe, tunavua viatu tunapoingia mahali pa sala. Mwenyeji wa Ulaya, kwa upendo wake, anatuwekea nguruwe na divai. Hapo wengine wetu hukasirika na kusema: "Hawa hawana Roho." Mwenyeji anafadhaika, hajui kosa lake ni nini. Warumi 14 inatuonyesha njia: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Ni maneno machache tu yanayotakiwa: "Tunashukuru sana, nyama hii sisi hatuli, tupatieni mkate na mboga." Tuketi, tule, tucheke pamoja nao. Hatukuombwa kuacha desturi yetu, wala hatukutumwa kuvunja meza ya wengine. Na ibada yao ikiwa ya saa moja, bila ngoma, tusiseme kwamba imekufa. Mwanamke mzee anayesali kimya tangu miaka 50 anaweza kutufundisha jambo.

Kuna habari ya mtu aliyekuja kwetu kutoka ng'ambo, nayo inafaa kwa somo hili. Marie-Louise Martin, mwanatheolojia wa Uswisi, kwanza aliandika juu ya Kanisa la Kimbangu akiwa mbali, na maandiko yake yalikuwa na mashaka mengi. Baadaye akaja Kongo, akakaa ibadani, akasikiliza, akabadili mawazo yake. Mwaka 1969, kule Canterbury katika Uingereza, kanisa hilo likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mwaka 1971 yeye akatoa kitabu chake kwa Kijerumani, na akafundisha katika shule ya theolojia ya kanisa hilo karibu na Kinshasa. Vitabu vilikuwa havikumtosha. Alipaswa kuketi katikati ya watu.

Sasa jambo la kazi. Febe alipokwenda Roma, Paulo alimwandikia wandugu wampokee (Warumi 16:1-2). Kila anayesafiri, awe ametumwa na kanisa au amekwenda kwa shughuli zake, awaone mashemasi majuma mawili kabla ya kuondoka, apewe barua inayosema yeye ni nani na anasali wapi. Barua hiyo iandikwe kwa Kifaransa pia, kwani kule Kiswahili chetu hakitasomwa na mtu mlangoni.