Somo kwa Makatibu: Maana na Asili ya Neno "Ada"

Shule zikaribiapo kufunguliwa, wanachama huja kwa katibu kuomba mkopo, na katika daftari huandikwa neno moja tu: ada. Yafaa neno hili lichunguzwe, kwani hubeba mambo zaidi ya moja.

Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza haihusu fedha hata kidogo. Ada ni desturi, jambo lililozoeleka. Maana hiyo ingali hai katika methali "Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo", ambayo hakuna awezaye kuifasiri kwa shilingi. Fedha ziliingia kwa mlango wa desturi. Huko mwambao, mganga, kungwi, fundi na mwalimu wa chuo walistahili kupewa kile ambacho mila ilikwisha kukitaja, nacho kikaitwa ada. Mwanafunzi alipohitimu, mwalimu wake alipewa kilemba, na jina hilo likadumu hata pale kilichotolewa kilipokuwa fedha. (Siku hizi kilemba hudaiwa na mpangaji anayeachia chumba cha duka, ingawa hakumfundisha mtu lolote.)

Shule zilipoanza kutoza malipo, neno lilikuwa tayari. Tanzania ikashika "ada", Kenya ikapenda zaidi "karo". Tanzania Bara ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1973; ikarudi katika miaka ya 1980, ikafutwa tena mwaka 2001. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016.

Hapa ndipo pa kuangalia. Ada hupangwa na mwenye mamlaka, kiwango chake hujulikana mapema, na mlipaji hupewa stakabadhi. Mchango watokana na kuchanga, na wachangao ni watu waliokubaliana. Mwanachama ambaye mtoto wake yumo katika shule isiyotoza ada akiomba "mkopo wa ada", huenda fedha ni za sare, madaftari, nauli au chakula. Si lazima anyimwe. Lakini na iandikwe sare, au nauli, maana mkaguzi ataitaka stakabadhi ya ada, nayo haipo.

Jambo zito zaidi ni makato. Chama kikikata "ada ya elimu" katika malipo ya kahawa au pamba bila azimio la mkutano mkuu, kisha kikarudia msimu wa pili na wa tatu, makato hayo huonekana kuwa ya kawaida, na neno lenyewe huyafunika, kwa kuwa lililozoeleka hudhaniwa limehalalishwa. Makato ya namna hiyo yaitwe mchango, na kando yake iandikwe tarehe ya mkutano na namba ya muhtasari. Pasipo muhtasari, mkulima alipwe fedha zake zote.