Usimtie mwanao alama ya uraia asio nao

Mama mmoja Mkongo wa Fort Worth, Texas, ametuandikia. Familia yake ilitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ikapokelewa Marekani kama wakimbizi. Sasa kijana wake amepata nafasi chuoni, lakini karo aliyopangiwa ni ya mtu wa nje ya jimbo, zaidi ya maradufu ya wanayolipa wenzake aliomaliza nao sekondari. Karani alimwambia hivi: huna grini kadi, basi wewe ni mgeni. Jirani mmoja "anayejua makaratasi" amejitolea kuijaza fomu upya kwa malipo na kuweka alama kwenye kisanduku cha raia.

Mama, usithubutu. Mtu anayedai uraia wa Marekani asio nao ili apate nafuu ya serikali kuu au ya jimbo anaweza kujifungia njia ya grini kadi, hata kufukuzwa nchini. Ni kosa ambalo msamaha wake ni mgumu kuupata. Siku ya usaili wa uhamiaji jirani hatakuwepo. Atakayeulizwa ni mwanao, maana sahihi ni yake. Hawa wanaojiita wasaidizi wanawatafuna watu wetu, hasa wale wasiosoma Kiingereza, na wengine wanajiita mawakili kwa sababu tu wana muhuri wa kuthibitisha nyaraka. Marekani muhuri huo haumfanyi mtu kuwa wakili. Anayeruhusiwa kushauri kuhusu uhamiaji ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mwombe akuonyeshe uthibitisho kabla hujatoa hata senti.

Tena uongo huo hauhitajiki. Fomu ya makazi ya Texas inauliza kwanza uraia, halafu grini kadi, na chini yake kuna swali la mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye TPS, yaani ulinzi wa muda. Wengi hukwama kwenye maswali mawili ya kwanza, wakajiandika wanafunzi wa kimataifa, na kompyuta ikawahesabu hivyo hivyo. Mkimbizi si mwanafunzi wa kimataifa. Yuko nchini kihalali tangu siku aliyotua, na grini kadi huiomba baada ya kukaa mwaka mmoja. Kutokuwa nayo leo si kosa lake.

Basi kijana aende ofisi ya usajili na I-94, yaani kumbukumbu ya kuingia nchini, yenye alama ya ukimbizi, mkataba wenu wa nyumba, na hati za malipo ya kazi yako zinazoonyesha kwamba mmeishi Texas miezi 12. Aombe suala lake la makazi liangaliwe upya, kabla muhula haujaanza. Wakikataa, wakatae kwa maandishi. Karani akitakiwa kuandika sababu, mara nyingi huwa wa kwanza kugundua kwamba hana sababu.

Lakini lawama zote si za karani. Mwaka 2001 Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuwaruhusu vijana wasio na makaratasi, waliosoma na kumaliza sekondari humo, walipe karo ya wenyeji. Sheria hiyo ilitiwa sahihi na gavana wa Republican, Rick Perry. Tarehe 4 Juni 2025 serikali kuu iliishtaki Texas, Texas ikakubali, na jaji akaizuia sheria isitumike kwa vijana hao siku hiyo hiyo. Mwanafunzi hata mmoja hakusikilizwa. Kesi gani hiyo, mshtaki na mshtakiwa wako upande mmoja? Vyuo vikaachiwa kazi ya kupambanua nani yuko nchini kihalali, jambo linalowatoa jasho hata mawakili, na wenye haki wakasombwa pamoja na waliolengwa.

Alabama ilituonyesha hilo mapema. Mwaka 2011 sheria yake iliziamuru shule zichunguze hali ya uhamiaji ya wanafunzi wapya. Mahakama zilikuja kukibatilisha kifungu hicho, lakini kilipoanza kutumika, watoto kwa maelfu hawakuonekana madarasani, wakiwemo waliozaliwa Marekani. Jimbo linalotunga sheria ya namna hiyo linajua kwamba hofu itawaondoa watoto kabla jaji hajafungua faili.

Umeuliza pia kuhusu binti yako wa darasa la tano. Huko usihofu. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyotoka Texas hiyo hiyo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Shule inaweza kudai uthibitisho kwamba mnaishi katika eneo lake, kwa mfano bili ya umeme, na rekodi ya chanjo. Haiwezi kumzuia mtoto kwa kukosa namba ya Social Security, na makaratasi yako wewe mzazi hayaihusu. Ukiitwa kikao, kumtafuta mkalimani ni jukumu la shule, bila malipo. Usikubali binti awe ndiye mkalimani wako.