KUCHAGUA MBEGU YA MUHOGO

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Lakini hawakusema kwamba mchagua mbegu si mkulima. Kwa upande wa muhogo, kuchagua mbegu kwaweza kuokoa chakula cha nyumba nzima. Hata hivyo wengi wetu huifanya kazi hiyo kwa haraka, tukiokota mashina yoyote yaliyolala kando ya shamba baada ya mavuno.

Twajua kwamba muhogo haupandwi kwa punje kama mahindi. Twakata pingili ya mti wa zamani na kuifukia. Kwa hiyo mti mpya ni sehemu ya ule wa kwanza. Mama akiwa na ugonjwa, mtoto huzaliwa nao. Tuseme mti mmoja mgonjwa watoa pingili 8. Msimu ujao tutakuwa na miti 8 yenye ugonjwa, na msimu wa pili 64.

Magonjwa yanayotusumbua zaidi ni mawili, na yote mawili huletwa na virusi. La kwanza ni batobato, ambalo habari zake ziliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani huwa na mabaka ya kijani na manjano, hujikunja na kudumaa, na mihogo huwa midogo.

La pili ni michirizi ya kahawia. Lilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara. Hili ni mwizi wa siri. Majani ya chini hupata manjano kandokando ya mishipa, lakini mara nyingi mti husimama vizuri na mwenye shamba hufurahi. Siku ya kuvuna akata muhogo na kukuta ndani madoa ya kahawia, makavu na magumu, usiofaa kuliwa.

Magonjwa haya huenezwa na nzi weupe wakaao chini ya majani. Lakini anayeyapeleka mbali, kutoka wilaya hata wilaya, ni mtu mwenyewe na mzigo wake wa mbegu. Tena hakuna dawa ya kuuponya mti uliokwisha ugua. Basi yatupasa kufanya hivi:

1. Chagua kabla ya kuvuna, miti ikiwa na majani yake. Shina lisilo na majani halitoi ushahidi. Funga kamba kwenye miti iliyo safi.

2. Siku ya kuvuna, kata mihogo ya kila mti wenye kamba vipande vipande. Ukiona doa la kahawia, tupa shina lake, hata kama majani yalikuwa mazuri.

3. Tumia sehemu ya kati ya shina lililokomaa. Kata pingili za sentimita 20 hadi 30, zenye macho yasiyopungua 5. Utomvu mweupe ukitoka upesi, pingili bado ni mbichi.

4. Miti ikichipua, ikague. Majani ya kwanza kabisa yakiwa na mabaka, ugonjwa ulikuja na pingili. Ya chini yakiwa safi na ya juu yana mabaka, uliletwa na nzi. Kwa vyovyote, ng'oa mapema.

5. Mwulize bwana shamba juu ya aina zinazostahimili magonjwa. Lakini kustahimili si kutougua. Mti waweza kuficha ugonjwa ndani yake. Kwa hiyo kagua hata aina hizo.

Huenda mzazi akasema, "Mbegu hii niliachiwa na baba yangu, naijua." Tumjibu kwa adabu kwamba mbegu ya baba ilikuwa njema, ila nzi hawakumwuliza ni ya nani. Na jirani akituomba mbegu, tumpe ile tuliyoikagua. Kumpa mzigo wenye ugonjwa si ukarimu, ni kumpa njaa ya mwakani.

Zoezi la likizo: Pamoja na wazazi, kagua miti 30 ya muhogo nyumbani. Andika mingapi ni safi, mingapi ina batobato, na mingapi ina manjano kwenye majani ya chini. Tafuta asilimia ya kila kundi. Kisha jibu: je, iliyo safi yatosha mbegu ya msimu ujao?