Dondoo Muhimu: Gari la Zamani Lichemkapo Mlima wa Ronge

Mwenye Peugeot 504, gari lililotwaa ushindi wa Safari Rally mwaka 1975 na 1978, atokapo katika hari ya Voi akapanda Ronge na kuiona akrabu ya geji ikikaribia wekundu, asiharakishe kuilaumu pampu ya maji, bali kwanza azingatie ni wapi joto huzidi: likizidi mlimani tu kwa mwendo wa pole, yamkini ila ni upepo, kwani feni ya gari hili huungwa kwa sumaku ya umeme, na waya wake ukikatika feni huzunguka kivivu hali mkanda ni mzima; bali joto likizidi hata tambarare, aghalabu rejeta imeziba kutu ndani.

Injini ikiisha kupoa kabisa (kamwe usifungue kifuniko cha rejeta ingali moto, mvuke huunguza uso), fungua, washa, utazame: mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi ya hedi iliyoungua.

Themostati nayo itie katika sufuria ya maji motoni pamoja na kipimajoto. Ikipita nyuzi zilizochorwa juu yake, aghalabu 80 na kitu, bila kufunguka, haifai tena.